Je, Gari la Namba ya Kwanza Ndilo la Thamani?

Hakuna anayefundishwa kukipa heshima kitu cha kwanza. Mkulima wa huku Masisi, mashariki mwa Kongo, anapochuma maharage ya mwanzo wa msimu, hayo ni malimbuko, hayahesabiwi sawa na magunia yatakayofuata. Mtoto wa kwanza ni kifungua mimba, naye ana nafasi yake katika ukoo hata kama wadogo zake watamzidi mali. Wakusanyaji wa magari ya zamani, watu wanaonunua gari ili walitunze wala si ili liwapeleke sokoni, wana imani kama hiyo. Wakisikia kwamba gari fulani la spoti limo katika mia ya kwanza, au katika kumi la kwanza, kutoka kiwandani, macho huwatoka na bei hupanda. Je, wana haki? Jibu langu ni kwamba namba ndogo haibebi thamani yake yenyewe. Namba ni shahidi, na shahidi hupewa uzito kulingana na jambo analolishuhudia. Pasipo jambo, gari la kwanza na gari la elfu hamsini ni chuma kile kile.

Tuitazame kwanza namba yenyewe kwa karibu. Mfano mzuri ni Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili ambalo Nissan ilianza kuliunda mwishoni mwa 1969. Ukifungua boneti, utaikuta namba ya shasi imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha dereva. Herufi HLS30 zinaonyesha kwamba usukani uko kushoto, kama barabara za Kongo zinavyotaka. HS30 ni usukani wa kulia, wa Kenya, Uganda na Tanzania. Baada ya herufi hufuata hesabu ya mfululizo, na hiyo ndiyo inayoshindaniwa na wakusanyaji. Kwa kuwa 240Z zaidi ya 150,000 ziliundwa, mtu anaweza kusema kwamba hili si gari adimu hata kidogo. Lakini ndani ya wingi huo kuna kundi la mwanzo linalotafutwa sana, na sababu yake inaonekana kwa macho. Magari ya mwanzo yana matundu mawili ya hewa kwenye mlango wa nyuma, na ubavuni, nyuma ya dirisha, yana nembo iliyoandikwa 240Z. Kufikia 1971 matundu yale yaliondolewa nyuma yakahamishiwa ubavuni, pamoja na nembo ya mviringo yenye herufi Z peke yake. Kwa hiyo mwenye namba ndogo ana gari lenye umbo ambalo kiwanda chenyewe kililiacha. Namba inashuhudia tofauti iliyopo katika bati.

Hali ni hiyo hiyo kwa Jaguar E-Type, iliyoonyeshwa Geneva Machi 1961. Takriban magari 500 ya kwanza yalikuwa na vifungio vya boneti upande wa nje, vinavyofunguliwa kwa ufunguo wake maalumu, na sakafu yake ilikuwa bapa. Baadaye vifungio vikaingizwa ndani, na sakafu ikashushwa ili miguu ya dereva mrefu ipate nafasi. Porsche nayo ilianza 1964 kuunda gari liitwalo 901, lakini Peugeot ikasema kwamba majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ni haki yake nchini Ufaransa, na Porsche ikalibadili jina kuwa 911.  Mwaka 2014 lilipatikana Ujerumani, ndani ya banda, gari bovu lililoliwa na kutu, na namba yake ya shasi ikaonyesha kwamba ni la 57 katika mfululizo ule wa 901. Jumba la makumbusho la Porsche lililipa euro 107,000 kwa mabaki hayo, likatumia miaka mitatu kulifufua, na likalionyesha Desemba 2017. Bila namba, lile lingekuwa chuma chakavu. Ila kilichonunuliwa ni ushahidi wa muda mfupi katika historia ya kiwanda, pale gari hili lilipokuwa na jina ambalo halikudumu. Namba 57 ilikuwa njia ya kuufikia ushahidi huo.

Wapo watakaosema kwamba gari la mwanzo ni bora kwa sababu mafundi walikuwa makini zaidi, na wazo la mbunifu lilikuwa bado safi, halijaguswa na wahasibu. Mifano niliyoitaja inatupa picha tofauti. Sakafu bapa ya Jaguar ilibadilishwa kwa sababu iliwabana madereva. Yeyote aliyenunua pikipiki ya toleo jipya kabla mafundi wa mtaani hawajazijua kasoro zake anaelewa kwamba toleo la kwanza ndilo kiwanda kinalojifunzia. Chevrolet Corvette ya 1953 iliundwa kwa mikono, magari 300 tu, yote meupe yenye viti vyekundu, ikiwa na injini ya silinda sita na gia ya kujibadili yenye hatua mbili tu. Kama gari la spoti, Corvette zilizokuja baadaye ziliishinda kwa mbali. Hata hivyo leo inatafutwa, na inatafutwa kwa uchache wake na kwa kuwa ndiyo iliyofungua ukoo. Gari la mapema, basi, halipandi bei kwa ubora wa kuendesha.

Na pale ambapo namba ndogo haina tofauti wala tukio la kushuhudia, soko lenyewe huipita. Januari 2020, 240Z moja iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola 300,000, bei ambayo haikuwahi kusikika kwa gari la aina hiyo. Halikuwa gari la kwanza. Lilikuwa la modeli ya 1971, maelfu ya ndugu zake yakiwa yamelitangulia. Sifa yake ni kwamba lilikuwa limetembea chini ya maili 22,000, yaani kama kilomita 35,000, na lilikuwa limetunzwa karibu kama lilivyotoka kiwandani. Magari mengi yenye namba ndogo kuliko lake yalikwisha kuliwa na kutu, kugongwa, au kubadilishwa injini mara mbili. Mnunuzi alilipia uhai wa gari, na umri wa namba haukumzuia.

Ushahidi ulio na nguvu kuliko wote, kwa maoni yangu, umetoka kwenye matope ya Afrika Mashariki. Mbio za Safari zilianza 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilikuwa mbio za vumbi, mawe na mito iliyofurika, barabara ambazo mtu anayetoka Sake kupanda kwenda Masisi wakati wa mvua anazielewa bila kuelezwa. Mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na 240Z nyingine ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ikaja ya pili. Mwaka 1973 Mehta akashinda kwa 240Z, na huo ukawa ushindi wake wa kwanza kati ya mitano. Gari la Herrmann, jekundu lenye boneti nyeusi, leo limo katika hifadhi ya magari ya kihistoria ya Nissan huko Zama, Japani. Ukiwauliza wapenzi wa gari hili juu ya namba yake, watakutajia 11, ile iliyobandikwa ubavuni siku ya mashindano, kabla ya ile iliyogongwa chini ya boneti. Ile ya kiwandani inahitajika kuthibitisha kwamba hili ndilo gari lenyewe wala si nakala iliyopakwa rangi. Lakini lililolifanya liwe urithi ni kazi liliyoifanya barabarani.

Mpinzani makini hatakubali upesi hivyo. Atataja Ford Mustang ya namba 1, iliyouzwa Kanada 1964 kwa rubani Stanley Tucker kabla hata gari hilo halijazinduliwa rasmi. Ford ilipotaka kuirudisha, ilimpa Tucker Mustang nyingine kuwa badala yake, na ile ya namba 1 sasa iko katika makumbusho ya Henry Ford huko Dearborn. Atataja pia Corvette ya kwanza ya 2020, iliyopata dola milioni tatu mnadani hata kabla haijaundwa, wakati bei ya kawaida ya gari hilo ilikuwa chini ya dola 60,000. Na silaha yake kali zaidi itakuwa Toyota 2000GT, gari lililoundwa 351 tu: lenye shasi ya kwanza, MF10-10001, liliuzwa Machi 2022 kwa zaidi ya dola milioni mbili na nusu, ilhali mwaka 2013 bei ya dola milioni 1.16 kwa gari la aina hiyo ilikuwa ya kushangaza.

Hoja hizo ni nzito, na namba moja naipa haki yake. Namba 1 yenyewe ni tukio, kwa kuwa ukoo wowote una mwanzo mmoja tu. Lakini heshima hiyo haigawanywi kwa namba 40 au 400. Kifungua mimba ni mmoja. Wa pili na wa tatu ni watoto kama wengine. Tena kila mfano hapo juu una jambo jingine ndani yake. Mustang ya Tucker ina kisa cha mauzo yasiyokusudiwa, chenye karatasi na mashahidi. Fedha za Corvette zilikwenda kwenye hisani ya watoto wa Detroit, hivyo mnunuzi alikuwa akitoa sadaka pamoja na kununua gari. Na ile Toyota ya kwanza ilishindana Marekani mwaka 1968 katika timu ya Carroll Shelby. Toyota hiyo ina namba na ina kazi, na ndiyo maana iliwazidi ndugu zake. Anayetaka kutuonyesha kwamba namba peke yake inatosha hana budi kuleta gari lenye namba ndogo, lisilo na tofauti, lisilo na tukio, tena lililochakaa, kisha atuonyeshe foleni ya wanunuzi.

Kuna anayesema kwamba visa hutungwa, na namba ya chuma haidanganyi. Masisi inajua zaidi. Mfuko wa koltani uliotoka mgodini ulikuwa ukifungwa lebo yenye namba, ili anayeununua mbali ajue ulikotoka. Namba ile haikuongeza hata gramu moja ya madini ndani ya mfuko. Thamani yake ilikuwa ukweli wa safari: shimo gani, siku gani, mikono ya nani. Lebo ikifungwa kwenye mfuko uliotoka kwingine, namba inabaki ile ile, lakini imekuwa uongo. Shasi ni vivyo hivyo. Namba inaweza kukatwa kwenye gari lililokufa na kuchomelewa kwenye lililo hai. Kwa hiyo mkusanyaji makini hulinganisha namba ya shasi na ya injini, tarehe ya kuundwa, karatasi za mauzo, picha na kumbukumbu za mafundi. Vyote vikikubaliana, shahidi anaaminika.

Msomaji wa Kibabi, hapa Masisi, pengine hatanunua 240Z, lakini kanuni hii inamfaa anaponunua pikipiki au Land Cruiser iliyotumika huko Goma. Asome namba iliyo kwenye chuma na ile iliyo kwenye karatasi, aangalie kama chuma kimesuguliwa au kuchomelewa, aulize gari lilipita mikononi mwa nani. Na kwa familia zenye gari la zamani uani, lililobeba wagonjwa, mavuno au maharusi kwa miaka thelathini, ombi langu ni moja: msitupe karatasi zake wala picha zake. Andikeni majina ya waliolitengeneza na safari lilizozifanya, kwa sababu kiwanda kiliandika namba tu, na yaliyobaki mnayajua ninyi.