Usiku wa dagaa una baridi: baba asitoke bila vitu hivi

JUA likizama Igombe, mitumbwi ya dagaa hujiandaa kuingia Ziwa Victoria. Taa zinajaribiwa, petroli inapimwa. Nyumbani, mama anafunga chakula cha mumewe. Mara nyingi kinachosahaulika ni nguo kavu.

Wageni hudhani Mwanza haina baridi kwa kuwa ipo karibu na ikweta. Lakini ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti upepo wa kusini huvuma. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, hivyo mvuvi hukaa majini mpaka alfajiri akiwa amelowa. Nguo mbichi na upepo huondoa joto la mwili upesi.

Dalili zianze kutazamwa mapema: kutetemeka, vidole kufa ganzi, ulimi kuwa mzito, kuchanganyikiwa. Mkono wenye ganzi haushiki kamba wala ukingo wa mtumbwi. Anayeacha kutetemeka huku akisinzia yuko hatarini zaidi. Avuliwe nguo mbichi, afunikwe blanketi kavu, anywe chai ya moto yenye sukari kama anaweza kumeza, kisha awahishwe hospitali.

Wengine hujipasha moto kwa gongo. Hilo ni kosa. Pombe hupeleka damu kwenye ngozi, mtu akahisi joto huku mwili ukizidi kupoa, na akili inapungua. Jiko la mkaa nalo lisiwashwe karibu na dumu la petroli, wala chini ya turubai, kwani hewa yake ya sumu haina harufu.

Mfuko wa baba uwe na sweta, kofia, koti la mvua, soksi, chupa ya chai na uji au ugali wa kushibisha. Nguo za kubadili zifungwe ndani ya mfuko wa nailoni usioingiza maji. Simu nayo ifungwe hivyo hivyo, ikiwa na chaji.

Laifu jaketi livaliwe tangu mtumbwi unapoondoka, lisikaliwe kama mto. MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018 ikiwa imebakiza hatua chache kufika gati ya Ukara. Kuona nchi kavu si kufika. Mtumbwi ukipinduka, waliomo waushikilie na wakae pamoja, badala ya kuogelea kuelekea taa za mbali.

Kabla ya kuondoka, taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isikilizwe. Wingu zito na radi vikionekana, dagaa wasubiri.

Na mama ajue mambo matatu: mume amekwenda upande gani, yuko na nani, atarudi saa ngapi. Saa hiyo ikipita, asione aibu kuuamsha uongozi wa mwalo au kupiga 112. Kesho yake dagaa watakuwepo. Muhimu baba naye awepo kuwaanika.