Mashindano ya mupira Vitshumbi: namna ya kupanga ili timu isivuke ziwa juu ya mechi moja tu

Tuseme timu ya vijana wa Nyakakoma imealikwa kwa mashindano hapa Vitshumbi. Wamechanga franga za kuingia, wamenunua esansi ya mutumbwi, na wavuvi wane kati yao wameacha usiku muzima wa kazi. Wanafika siku ya posho asubuhi. Saa nane ya muchana wanaingia kwenye kiwanja. Sufuri kwa sufuri. Wanapiga penalti, mupira mumoja unagonga muti wa goli. Saa tisa na nusu mashindano yao yamekwisha. Kilichobaki ni kuangalia wengine wakicheza, na kufikiri namna ya kurudi.

Hawakuonewa na mutu. Arbitre alifanya kazi yake. Lakini wanarudi na hasira, na mwaka unaofuata, wakialikwa, watajibu kwamba hawana nafasi.

Kwetu, wakati watu wanagombana juu ya mashindano, wanagombana juu ya arbitre, ao juu ya muchezaji aliyeletwa kutoka Goma na hana makaratasi. Mara chache watu wanauliza: mashindano yenyewe yalipangwa namna gani? Na kumbe mupango ndio unaamua nani atacheza mechi ngapi, nani atapumzika, na nani anaweza kusamehewa siku moja mubaya. Tuangalie mitindo tatu, na tupime ule unaofaa mahali sawa Vitshumbi, penye kiwanja kimoja, kati ya ziwa na Parke ya Virunga.

Mutindo wa kwanza: ukishindwa, unaenda

Huu ndio unaojulikana sana. Timu 8, mechi 4 za kwanza, kisha nusu fainali, kisha fainali. Hesabu yake ni rahisi: kila mechi inatoa timu moja, kwa hiyo timu 8 zinahitaji mechi 7 tu ili abaki mushindi. Ukiongeza mechi ya nafasi ya tatu, zinakuwa 8. Ni wa bei ndogo na unakwisha haraka.

Ubaya wake ni mbili. Wa kwanza, nusu ya timu zinaenda nyumbani kisha mechi moja tu. Kati ya timu 8, 4 zinalipa sawa na wengine lakini zinacheza mara moja. Wa pili, bahati ya kupiga kura inakuwa na nguvu sana. Kama timu mbili zenye nguvu zinakutana siku ya kwanza, moja inatoka mapema, na fainali inakuwa mechi ya upande mumoja.

Mutindo wa pili: makundi

Hapa timu 8 zinagawanywa katika makundi mawili ya timu 4. Katika kila kundi, kila timu inakutana na zingine zote: mechi 6 kwa kundi, 12 kwa yote mawili. Kisha wawili wa kwanza wa kila kundi wanaenda nusu fainali. Pamoja na fainali na nafasi ya tatu, jumla ni mechi 16. Kila timu ina hakika ya mechi 3.

Makundi yana huruma. Sisi Wakongomani tunajua hiyo vizuri. Katika CAN ya 2019 kule Misri, Léopards walishindwa na Uganda 2-0, wakashindwa tena na Misri 2-0, kisha wakashinda Zimbabwe 4-0. Wakapita kati ya timu zilizokuwa za tatu, wakatolewa na Madagascar kwa penalti. Katika CAN ya 2023, iliyochezwa mwanzo wa 2024, Léopards walipita kundi lao bila kushinda hata mechi moja: sare tatu, alama 3, nafasi ya pili. Na wakafika nusu fainali. Côte d'Ivoire ndio waliowatoa, na wao wenyewe walikuwa wameshindwa mara mbili katika kundi, moja kwa 4-0 mbele ya Guinea ya Ikweta nyumbani kwao. Walipita kwa shida kama timu ya tatu, na mwishoni wakabeba kombe. Kwa mutindo wa kwanza, wangetoka mapema sana.

Lakini makundi yana mutego, na mutego huo uko kwenye mechi ya mwisho. Mufano unaojulikana dunia nzima ni ule wa Kombe la Dunia ya 1982 kule Uispania. Aljeria ilimaliza mechi zake tarehe 24 mwezi wa 6. Kesho yake, Ujerumani ya Magharibi na Austria waliingia kwenye kiwanja cha Gijón wakijua tayari: Ujerumani ikishinda kwa goli moja ao mbili, wote wawili wanapita na Aljeria inatoka. Ujerumani ilifunga goli mapema, kisha timu zote mbili zikaanza kupasiana mupira bila kutafutana hadi mwisho. 1-0. Hakuna sheria iliyovunjwa. Tangu Kombe la Dunia ya 1986, mechi mbili za mwisho za kundi zinachezwa saa moja.

Dawa hiyo ni nzuri kwa mwenye viwanja viwili na waarbitre wa kutosha. Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi ndani ya Parke: huku maji, huku pori. Hauwezi kuongeza kiwanja kingine sawa vile unaongeza kiti. Na mechi zikichezwa moja kisha ingine, wale wa mwisho wataingia wakijua matokeo wanayohitaji. Hata kama hawakupatana, washabiki wa timu iliyotoka watasema walipatana. Na kwetu, penye mashindano mengi ya vijana yanafanywa kwa jina la amani kati ya makabila, neno sawa hilo linaweza kuharibu kazi yote.

Shida ingine ni alama kuwa sawa. Katika Kombe la Dunia ya 2018, Senegal na Japani walilingana kwa yote, na Senegal ikatoka juu ya kadi za njano: 6 kwa 4. Katika CAN ya 2015, Guinea na Mali walilingana kabisa, ikapigwa kura ya bahati, Mali ikaenda nyumbani.

Mutindo wa tatu: kutoka kisha kushindwa mara mbili

Mutindo huu hatuutumii sana katika mupira wa miguu, lakini Wamarekani wanautumia tangu zamani katika beziboli, ule muchezo wa kupiga mupira mudogo kwa gongo. Katika mashindano ya taifa ya vyuo vikuu vyao, timu zinakutana kwa vikundi vya timu 4, na timu inatoka tu kama imeshindwa mara mbili. Siku moja mubaya inasamehewa. Siku ya pili, hapana.

Namna gani tunaweza kuuleta hapa? Chukua kundi la timu 4: A, B, C na D.

Mechi ya 1: A na B. Mechi ya 2: C na D.

Mechi ya 3: washindi wawili wanakutana. Anayeshinda amekwisha kupita, anangojea nusu fainali.

Mechi ya 4: walioshindwa wawili wanakutana. Anayeshindwa tena anaenda nyumbani.

Mechi ya 5: aliyeshindwa katika mechi ya 3 anakutana na aliyeshinda mechi ya 4. Mushindi anapita wa pili.

Ni hayo tu. Mechi 5 kwa kundi, kuliko 6. Makundi mawili ni 10. Ukiongeza nusu fainali mbili, nafasi ya tatu na fainali, jumla ni mechi 14.

Angalia faida zake. Kila timu ina hakika ya kucheza mara mbili. Hakuna hesabu ya magoli, hakuna kadi za kuhesabu, hakuna kupiga kura ya karatasi saa ya jioni mbele ya watu wenye hasira. Hasa, hakuna mechi ambamo timu mbili zinaweza kupita pamoja kwa kupasiana mupira. Katika kila mechi, mumoja anapata na mwingine anapoteza. Ndiyo sababu kiwanja kimoja kinatosha.

Kalenda ya wiki tatu

Kazi ya ziwa ni ya usiku, na vijana wengi wanaocheza ndio wanaotega nyavu. Tena jioni viboko wanatoka katika maji kutafuta majani, na hakuna mutu anayetaka kukutana nao giza likiingia. Kwa hiyo mechi ziwe fupi, dakika 25 mara mbili, na zimalizike mbele ya saa kumi na mbili.

Posho ya kwanza: mechi 4 za mwanzo. Yenga ya kwanza: mechi 4 zingine, za washindi na za walioshindwa. Posho ya pili: mechi mbili za kuamua nani anapita wa pili. Yenga ya pili: nusu fainali. Yenga ya tatu: nafasi ya tatu na fainali. Siku 5, na hakuna timu inayocheza mara mbili kwa siku moja.

Sasa rudi kwa wale vijana wa Nyakakoma. Wanavuka ziwa mara moja, wanacheza posho na yenga. Kama wameshindwa zote mbili, wanarudi nyumbani wakijua walipata nafasi yao. Na timu iliyoshinda mechi zake mbili inapata zawadi ya kweli: inapumzika posho ya pili wakati wapinzani wanachoka.

Ubaya wake

Hakuna mutindo usio na ubaya. Katika huu, sare haiwezekani, kwa hiyo mechi ikiisha sawa, wanapiga penalti. Timu zaifu inaweza kukaa nyuma dakika zote ikingojea penalti. Tena, timu mbili zinaweza kukutana mara mbili katika kundi moja, ile ya mechi ya kwanza na ile ya mechi ya 5. Wengine hawapendi hiyo.

Kisha kuna uchovu: timu inayopita kwa mulango wa nyuma inacheza mechi moja zaidi. Katika beziboli hiyo ni shida kubwa, juu mutu anayerusha mupira anachoka mukono na anahitaji siku za kupumzika. Mwaka 2025, mashirika mawili makubwa ya michezo ya vyuo kule Marekani, SEC na ACC, yalichagua mutindo wa kushindwa mara moja kwa mashindano yao ya ndani. Kwao inaeleweka: timu zimekwisha kucheza miezi mizima, na mashindano ya taifa yanawangojea mbele. Kwa kijana wa Vitshumbi, mashindano ya vakansi ndiyo musimu wake wote. Ukimutoa kisha dakika 50, hana mahali pengine pa kucheza.

Kwa hiyo kama komite ina siku mbili tu, ichukue mutindo wa kwanza na iseme hivyo wazi. Kama ina viwanja viwili na siku nyingi, makundi ya kawaida ni mazuri. Kama ina kiwanja kimoja na wageni wanaotoka mbali, kushindwa mara mbili ndio unaofaa zaidi.

Yaandikwe mbele ya mechi ya kwanza

Mutindo wowote mutakaochagua, mambo fulani yasingojee uwanjani. Timu mbili zilizofika fainali mwaka uliopita zitengwe, kila moja kundi lake. Zingine zipigiwe kura mbele ya watu wote, karatasi ndani ya bakuli, mutoto mudogo akichomoa. Nusu fainali zikingamane: wa kwanza wa kundi moja na wa pili wa kundi lingine. Iandikwe itakuwa namna gani mvua ikikatiza mechi, na timu ikichelewa juu ya mawimbi itangojewa dakika ngapi. Orodha ya wachezaji ifungwe siku ya kupiga kura, na isiongezwe jina kisha hapo.

Karatasi hiyo isomwe kwa sauti mbele ya makapiteni wote, kila mumoja atie sahihi, na nakala moja ibandikwe penye kila mutu anapita, sawa pa soko la samaki. Siku timu itashindwa, itauma tu. Lakini kapiteni hatasema mambo yalibadilishwa nyuma ya mugongo wake, maana sahihi yake iko pale, na watu wote waliisoma wakinunua tilapia.