Lebo Mbili katika Mtandao: Dhana na Istilahi

1.0 Utangulizi
Makala haya yanafafanua jinsi kampuni ya mawasiliano inavyopitisha mitandao ya wateja wengi katika waya mmoja bila kuichanganya, na yanapendekeza istilahi za kuielezea kazi hiyo. Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, kilichoanzishwa Chang'ombe mwaka 2005, kinaunganishwa na Mlimani kwa waya unaotumiwa pia na benki.

2.0 Utendaji
Kiwango cha IEEE 802.1Q cha mwaka 1998 huipa fremu lebo ya baiti 4. Biti 12 za lebo hiyo hutaja namba ya mtandao pepe; hivyo namba zinazotumika ni 4,094 tu. Chuo na benki vikichagua vyote namba 10, swichi za kampuni haziwezi kuvitofautisha. Kiwango cha 802.1ad, kilichoidhinishwa mwaka 2005, kiliweka utaratibu wa lebo ya pili. Poti inayomwelekea mteja husanidiwa iongeze lebo ya nje, tuseme 200 kwa chuo na 300 kwa benki. Swichi za katikati husoma lebo hiyo pekee, na swichi ya mwisho huiondoa. Aidha, fremu ndefu kabisa hukua kutoka baiti 1,522 hadi 1,526. Poti za njiani zisiposanidiwa kuikubali, fremu fupi hupita na ndefu hutupwa.

3.0 Ulinganisho wa Kimofolojia
Katika jitu limepita, kiambishi ji- hutawala upatanisho. Katika kijitu kimepita, ki- ndicho kinachotawala, na ji- hunyamaza ingawa kimo. Ndivyo ilivyo lebo ya ndani. Hata hivyo, ulinganisho huu una mpaka: ki- kikiondolewa, maana hugeuka kutoka udogo kuwa ukubwa, ilhali lebo ya nje ikiondolewa, fremu hubaki ileile.

4.0 Istilahi
Agizo "ondoa lebo" lina utata. Fundi akiondoa isiyostahili, data ya mteja mmoja yaweza kufikishwa kwa mwingine. Inapendekezwa kutofautisha lebo ya mtoa huduma na lebo ya mteja. Vilevile, neno binafsi katika mtandao pepe binafsi lisifasiriwe kuwa siri: lebo hutenganisha data, haziifichi.

5.0 Hitimisho
Istilahi ya kiufundi haina budi kumwonyesha mtumiaji ni tabaka lipi analoligusa.