Baba Mgodini, Mtoto Tumboni: Utafiti wa Lubumbashi Unatuambia Nini

Mtoto akizaliwa mdomo umepasuka au uti wa mgongo uko wazi, macho ya ukoo humgeukia mama. Alikula nini? Aligombana na nani? Kwa nini hakwenda kliniki mapema? Baba huulizwa mara chache, na kazi yake ni nadra kutajwa. Kwa sababu hiyo utafiti uliochapishwa Aprili 2020 katika jarida la The Lancet Planetary Health unastahili kujulikana katika kila nyumba ya Lubumbashi. Kati ya mambo yote yaliyochunguzwa, lililoambatana kwa nguvu zaidi na kasoro za kuzaliwa lilikuwa kazi ya baba katika shughuli za madini.

Utafiti huo ulifanywa na madaktari na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakiwemo Tony Kayembe-Kitenge na Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, wakiwemo Daan Van Brusselen na Benoit Nemery. Kuanzia tarehe 1 Machi 2013 hadi 28 Februari 2015 waliandikisha watoto wachanga 138 waliozaliwa Lubumbashi na kasoro zinazoonekana kwa macho. Kando yao waliweka watoto 108 wazima, waliozaliwa katika wodi zilezile, ili wawe kundi la kulinganishia. Akina mama waliulizwa kuhusu maisha yao, chakula chao, dawa walizotumia na kazi za waume zao. Kisha madini yakapimwa katika mkojo na damu ya mama, damu ya kitovu, kondo la nyuma, na hata vumbi lililokusanywa nyumbani. Waandishi wenyewe walisema kwamba, kwa kadiri walivyojua, huo ulikuwa utafiti wa kwanza Afrika kusini mwa Sahara kuangalia athari za uchafuzi wa migodi kwa watoto wachanga.

Mji uliojengwa juu ya shaba

Hofu iliyowasukuma watafiti haikuzuka hewani. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, mji ukaanzishwa 1910, na kiwanda cha kuyeyusha shaba kikaanza kazi 1911. Tangu hapo moshi wa bomba la kiwanda hicho, ambacho baadaye kikawa cha Gécamines, kampuni ya madini ya taifa, ulipeperushwa na upepo juu ya mitaa, na madini yaliyokuwa ndani yake yakatua kwenye udongo. Metali haiozi wala haiteketei. Iliyoanguka zamani za wakoloni bado iko palepale, na kila kiangazi hupaa tena pamoja na vumbi.

Mwaka 2009 Banza na wenzake walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga, mkoa wa Lubumbashi wakati huo. Kiasi cha kobalti walichokikuta kwa wakazi wa karibu na migodi na viwanda kilikuwa kikubwa kuliko chochote kilichowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida mahali popote duniani, na watoto walikuwa na kiasi kikubwa kuliko watu wazima. Uchunguzi uliofuata ulionyesha njia kuu mbili za kobalti kuingia mwilini: kwa watu wazima ni mboga na nafaka zilizolimwa kwenye udongo uliochafuka, na kwa watoto ni vumbi, maana mtoto hutambaa chini na kutia mikono kinywani. Mwaka 2018 timu hiyo ilichapisha pia habari za Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Miongoni mwa wakazi 72 waliopimwa, watoto 32 ndio waliozidiwa zaidi, na chembe zao za urithi, yaani DNA, zilikuwa na dalili za kuumia.

Swali lililobaki lilikuwa hili: je, metali hizi zinamfikia mtoto aliye tumboni na kumharibu?

Namba na maana yake

Jibu la utafiti wa 2020 linahitaji kusomwa kwa utulivu. Kwa baba aliyefanya kazi inayohusiana na madini, uwezekano wa mtoto kuwa na kasoro ulikuwa mkubwa mara 5.5. Namba hiyo inatisha, lakini haisomwi peke yake. Watafiti waliandika kwamba ukweli unaweza kuwa popote kati ya mara 1.2 na mara 25. Nafasi hiyo ni pana mno, kwa sababu watoto waliochunguzwa hawakuwa wengi. Tafsiri ya haki ni kwamba uhusiano upo, ila ukubwa wake haujapimwa vizuri.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba kuzidisha kitu kidogo bado huleta kitu kidogo. Katika miaka hiyo miwili watoto 133,662 walizaliwa Lubumbashi, na 138 walioandikishwa ni takriban mmoja katika kila 1,000. Hesabu hiyo bila shaka imepungukiwa, kwa kuwa kasoro za moyo au figo hazionekani kwa macho, na wapo watoto wanaozaliwa na kufa bila kuandikwa popote. Hata hivyo, baba mchimbaji asisome makala hii akadhani mtoto wake ameshahukumiwa. Watoto wengi wa wachimbaji huzaliwa salama.

Mambo mengine mawili yalijitokeza. Akina mama waliofanya kazi ya kulipwa nje ya nyumba walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, mara 2.8. Waliotumia vitamini wakati wa mimba walikuwa na uwezekano mdogo sana, kama sehemu moja ya tano ya wenzao. Hapa pia tahadhari inafaa: mama anayepata vitamini mara nyingi ndiye mwenye uwezo kiasi wa fedha na anayewahi CPN, yaani kliniki ya wajawazito, kwa hiyo huenda si vidonge peke yake vilivyomlinda. Lakini faida ya vitamini moja, asidi ya foliki, ilishathibitishwa kwingineko, na nitairudia hapo chini.

Mbona damu haikusema?

Msomaji makini atauliza: kama baba wa mgodini ndiye dalili, mbona metali katika damu na mkojo wa mama hazikutofautiana kati ya makundi mawili? Kweli, karibu zote hazikutofautiana, kobalti ikiwamo. Wapo watakaosema basi madini hayana hatia. Haraka hiyo si nzuri, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni wakati. Viungo vya mtoto hutengenezwa mapema sana, kati ya wiki ya tatu na ya nane tangu mimba kutungwa. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga kabla siku 28 hazijaisha, wakati mama wengi hawajajua kama wana mimba. Vipimo vilichukuliwa siku ya kujifungua, zaidi ya miezi saba baadaye. Kobalti nyingi hutoka kwa mkojo ndani ya siku chache tu. Mkojo wa leo unaeleza vumbi la wiki hii, hauelezi vumbi la mwanzo wa mimba.

Ya pili ni kwamba Lubumbashi hakuna aliye safi wa kulinganisha naye. Mwanaepidemiolojia Mwingereza Geoffrey Rose alitoa mfano maarufu mwaka 1985: lau watu wote wangevuta sigara 20 kwa siku, watafiti wangehitimisha kwamba saratani ya mapafu ni ugonjwa wa kurithi, kwa kuwa sigara isingemtofautisha mgonjwa na mzima. Mama wa kundi la kulinganishia naye anaishi mji huohuo, anavuta vumbi hilohilo, anapika lengalenga ya soko lilelile. Tofauti kati yake na jirani yake ni ndogo hata kama hatari ya wote wawili ni kubwa.

Kuna fumbo pia. Metali mbili zilijitokeza katika damu ya kitovu ya watoto wenye kasoro: manganisi na zinki. Zote mbili hazichimbwi mjini Lubumbashi. Manganisi ya Kongo ilijulikana Kisenge, mbali huko Lualaba, na mgodi wa zinki wa Kipushi ulikuwa umefungwa tangu 1993, ukaja kufunguliwa tena 2024. Njia iliyo wazi haionekani. Inawezekana hata mambo yamekwenda kinyume, yaani mtoto asiyekua vizuri ndiye aliyebadilisha namna kondo linavyopitisha madini hayo, ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi. Utafiti wa aina hii huonyesha vitu vinavyoandamana. Kuthibitisha kipi kimesababisha kipi ni kazi nyingine.

Njia za baba kufikia mimba

Kazi ya baba inaweza kumfikia mtoto kwa njia mbili. Mbegu za kiume huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, na katika muda huo metali zinaweza kuziharibu. Njia ya pili ni nguo. Vumbi hurudi nyumbani kwenye ovaroli, buti, nywele na magunia, kisha mama hulivuta anapofua au kufagia. Jambo hili linajulikana kwa muda mrefu: wake wa wafanyakazi wa asbesto waliugua bila kukanyaga kiwandani, na Marekani ilitunga sheria ya kulinda familia za wafanyakazi mwaka 1992 kwa ajili ya sumu zinazobebwa kwenda nyumbani.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza unamhusu baba. Avue nguo za kazi kabla ya kuingia ndani, na ikiwezekana aziache kazini. Aoge na kuosha nywele kabla ya kumkumbatia mke na watoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake, na mwenye mimba asizifue. Madini yasihifadhiwe chumbani wala kupondwa uani. Anayetafuta mtoto aanze tahadhari hizi walau miezi mitatu kabla.

Nyumbani, mwaga maji au tumia kitambaa chenye maji badala ya kufagia vumbi kavu. Mikono ya watoto ioshwe kabla ya kula. Mboga za majani zioshwe kwa maji mengi mara kadhaa, ingawa maji huondoa vumbi la nje tu, hayaondoi kilichonyonywa na mizizi. Bustani isilimwe karibu na vifusi vya migodi au kwenye maji yanayotoka viwandani. Mjamzito asile udongo hata kama roho inautamani.

Sasa asidi ya foliki. Mwaka 1991 jaribio la Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, lililohusisha akina mama waliowahi kupata mtoto mwenye uti wa mgongo wazi, lilionyesha kwamba vitamini hii iliyotumiwa tangu kabla ya mimba ilizuia karibu robo tatu ya kasoro hiyo kujirudia. Kwa wanawake wengi kipimo ni miligramu 0.4 kila siku, kuanzia kabla ya kushika mimba hadi mwisho wa mwezi wa tatu. Mama aliyewahi kupata mtoto wa namna hiyo anahitaji kipimo kikubwa zaidi kinachoandikwa na daktari. Anayeanza CPN mwezi wa tano atapata faida ya kuongeza damu, lakini dirisha la uti wa mgongo limeshafungwa.

Yasiyowezekana nyumbani

Sabuni ya mama haiwezi kusafisha udongo wa karne nzima. Yapo mambo mawili yanayohitaji serikali na kampuni, na la kwanza ni unga. Afrika Kusini iliamuru mwaka 2003 unga wa mahindi na wa ngano utiwe asidi ya foliki, na kasoro za uti wa mgongo na ubongo zikapungua kwa takriban asilimia 30. Tanzania na Kenya nazo zilipitisha sharti la kurutubisha unga. Wakazi wa Lubumbashi wanakula bukari kila siku, na sehemu kubwa ya mahindi hutoka Zambia. Unga wa viwanda vikubwa unaweza kurutubishwa mwanamke akapata kinga yake bila kusubiri kliniki. Hilo linahitaji amri ya serikali tu, na gharama yake ni ndogo.

La pili ni daftari la kudumu la kasoro za kuzaliwa katika kila hospitali ya uzazi ya Haut-Katanga, likiandika pia kazi za wazazi wote wawili na mahali wanapoishi. Watoto 138 hawakutosha kumaliza ubishi. Hesabu ya miaka 10 ingetupa msingi imara zaidi. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai kampuni zitoe walau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Daftari hilo na bafu za wafanyakazi milangoni mwa migodi vinastahili kuwa juu katika orodha ya matumizi.

Hatuna bado ushahidi wa kuipeleka metali moja mahakamani. Tunao wa kutosha kwa wakunga na madaktari kuanza leo kumwuliza kila mjamzito swali moja zaidi: mume wako anafanya kazi gani? Na wewe baba unayesoma hapa, safari ijayo ya CPN msindikize mkeo, ukalijibu swali hilo mwenyewe.