Nakala ya Zamani Yasaidia Picha Kuu

Huenda umewahi kuona picha ya Karamu ya Mwisho. Yesu amekaa katikati ya meza ndefu. Mitume 12 wako pamoja naye, 6 upande huu na 6 upande ule. Wakristo wengi hutundika picha hiyo nyumbani.

Picha yenyewe ya asili iko ukutani, katika mji wa Milan, nchini Italia. Mchoraji wake ni Leonardo da Vinci. Aliichora kati ya mwaka 1495 na 1498, katika chumba cha watawa cha kulia chakula.

Rangi yabanduka

Siku zile mafundi wengi walichora ukutani wakati lipu ingali mbichi. Rangi na lipu vilikauka pamoja, vikashikana. Lakini kazi ya namna hiyo hutaka haraka. Leonardo alipenda kwenda polepole na kurekebisha. Kwa hiyo alipaka rangi juu ya lipu kavu.

Rangi haikushika vizuri. Ukuta nao ulikuwa na unyevu. Leonardo alikufa mwaka 1519. Kabla hajafa, picha yake ilikuwa imeanza kuharibika.

Mwaka 1652 mlango ulitobolewa chini ya picha. Miguu ya Yesu ikapotea. Mwaka 1943, wakati wa vita, bomu lilibomoa sehemu ya jengo. Ukuta wa picha ulikuwa umekingwa kwa mifuko ya mchanga. Haukuanguka.

Nakala yatoa ushahidi

Mnamo mwaka 1520, picha hiyo ilikuwa imenakiliwa kwa rangi ya mafuta juu ya kitambaa kizito. Inaaminika kuwa aliyeinakili ni Giampietrino, fundi aliyefuata uchoraji wa Leonardo. Nakala hiyo ina upana wa karibu mita 8. Ni mali ya Royal Academy, mjini London.

Nakala hiyo nayo imepungua. Sehemu yake ya juu ilikatwa. Lakini miguu ya Yesu imo. Imo pia chumvi iliyomwagwa na mkono wa Yuda. Ukutani kule Milan mambo hayo hayaonekani tena vizuri.

Mwaka 1978 kazi kubwa ya kutengeneza picha ya ukutani ilianza. Mama Pinin Brambilla Barcilon aliiongoza. Mafundi waliondoa uchafu, na rangi zilizoongezwa na watu wa baadaye. Kila walipopata shaka, waliweza kutazama nakala. Kazi ilikwisha mwaka 1999, baada ya miaka zaidi ya 20.

Tunajifunza nini?

Watu wengine hudharau nakala. Husema si kitu cha asili. Lakini fundi yule alinakili kwa uangalifu, hata chumvi ya mezani hakuiacha. Picha ya asili ilipoharibika, kazi yake ikawa shahidi. Wazee walisema kweli: akiba haiozi.