Kwa nini sizoni huanza kwa moto halafu ikachuja? Soma hii kabla hujajaza flashi

Kwa mpenzi wa sizoni anayeishi Mwamkulu, kata ya wakulima wa mpunga katika Manispaa ya Mpanda, sizoni mbovu ni hasara ya kweli. Ama amekata bando, ama amempa mtu flashi aende nayo Mpanda mjini ikajazwe kibandani, na huko hujaziwi bure. Usiku anakaa na wenzake wanaangalia. Sizoni ya kwanza tamu, ya pili tamu, ya tatu haieleweki. Hela imekwenda na chaji nayo imekwenda.

Vijiweni lawama zote anabebeshwa stelingi. Mara kachoka, mara kazeeka. Lakini ukifuatilia zilivyotengenezwa, mara nyingi stelingi hana kosa.

Chukua Prison Break, ambayo hata asiyefuatilia sizoni anamjua Michael Scofield na ile ramani ya jela aliyojichora mwilini. Ilianza Agosti 2005 kwenye televisheni ya Fox ya Marekani. Mwanzoni Fox iliagiza episodi 13 tu. Watu wakaipenda, ikaongeza 9, zikawa 22. Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia. Hadithi ya watu kutoroka jela ina mwisho wake: wakishatoroka, imeisha. Sizoni ya pili ilinusurika kwa sababu wako mbioni na polisi wako nyuma yao, bado roho iko juu. Ya tatu ikabidi Michael arudishwe jela, safari hii Sona kule Panama. Yaani mchezo ule ule, uwanja mwingine.

Na hiyo sizoni ya tatu ina episodi 13 peke yake. Wengi walidhani aliyewauzia kawapunja. Hakuwapunja. Tarehe 5 Novemba 2007 waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma, wakidai malipo bora ya kazi zao zinazouzwa kwenye DVD na kuonyeshwa kwenye intaneti. Mgomo ulidumu siku 100, hadi 12 Februari 2008. Bila mwandishi hakuna cha kuigiza, hivyo sizoni ikakatwa hapo hapo.

Ndani ya sizoni hiyo hiyo Lincoln anakuta kichwa ndani ya boksi, anaambiwa ni cha Sara. Watu walihuzunika kweli. Sizoni ya nne Sara huyo anatokea mzima, ikaelezwa kile kichwa hakikuwa chake! Ukweli ni kwamba mwigizaji wake, Sarah Wayne Callies, hakuwepo kwenye sizoni ya tatu, na waandishi wakatafuta njia ya kumtoa, kisha wakatafuta njia ya kumrudisha. Mwaka 2017 wakamfufua na Michael mwenyewe, yuko jela nchini Yemen, episodi 9. Ukishaona wafu wanarudi hivyo, ujue hadithi ilishaisha siku nyingi.

24 ya Jack Bauer ilipata tatizo la aina nyingine. Kila sizoni ni siku moja, kila episodi ni saa moja, lazima zitimie 24, na ndani ya saa zote hizo mtazamaji asipumue. Sizoni ya tano ilikuwa kali mpaka ikachukua tuzo ya Emmy ya tamthilia bora mwaka 2006. Sasa ya sita itaipitaje? Wakalipua bomu la nyuklia kwenye episodi ya nne. Limeshalipuka, zimebaki saa 20, unaweka nini tena? Wakaanza kuleta ndugu: kaka yake Jack ni adui, baba yake naye ni adui. Utamu ukashuka. Mgomo ule ule wa waandishi ukaisukuma sizoni ya saba kutoka Januari 2008 hadi Januari 2009, lakini kuchelewa huko kulisaidia, maana walipata muda wa kujipanga.

Wakorea wao wana utaratibu wao. Jumong, kwa mfano, wauza CD waliiita sizoni na kuigawa kwenye CD kadhaa, lakini ni hadithi moja iliyoonyeshwa na kituo cha MBC mfululizo kuanzia Mei 2006 hadi Machi 2007. Ilipangwa iwe na episodi 60. Ikapendwa kupita kiasi, ikarefushwa hadi 81. Kama uliwahi kuona katikati pale watu wa ikulu wanaongea sana na mapanga hayatoki, sasa umejua. Hata hivyo Jumong imebeba urefu wake vizuri kuliko nyingi za Marekani, kwa sababu tangu mwanzo inajulikana inakwenda wapi.

Game of Thrones ilikosa hicho. Ilitungwa kutoka kwenye vitabu vya George R. R. Martin, na kitabu cha tano kilitoka mwaka 2011, mwaka ule ule sizoni ya kwanza ilipoanza. Cha sita hakikutoka, watengenezaji wakaipita hadithi ya vitabu na kuanza kujitafutia wenyewe. Sizoni sita za mwanzo kila moja ina episodi 10, ya saba 7, ya nane 6. Mtu anayesafiri miezi barabarani sizoni za mwanzo, za mwisho anafika kama amepanda bodaboda. Mashabiki zaidi ya milioni moja walitia saini kwenye mtandao kutaka sizoni ya nane itengenezwe upya. Haikutengenezwa.

Kwa hiyo kabla ya kulipia, hesabu episodi. Idadi ikishuka ghafla kutoka sizoni moja kwenda nyingine, kuna jambo limetokea, japo si lazima liwe baya. Waandishi wa Marekani waligoma tena mwaka 2023, siku 148, ndiyo maana sizoni ya 20 ya Grey's Anatomy ina episodi 10 tu.

Kuna na sababu ya hapa hapa Tanzania ambayo haihusiani kabisa na Marekani wala Korea: mtafsiri. Tangu enzi za Lufufu na DJ Mark, watu wengi hawaangalii sizoni tu, wanamsikiliza anayeitafsiri. Yeye ndiye anayewapa adui majina ya utani na kuchekesha pale picha ilipopoa. Sasa ikitokea mtafsiri mmoja kaishia sizoni ya pili na mwingine kaendelea na ya tatu, sauti imebadilika, utani umebadilika, hata majina yamebadilika. Mtazamaji atasema sizoni imechuja, kumbe kilichochuja ni sauti. Jaribu kuiangalia hiyo hiyo na mtafsiri mwingine kabla hujaitukana.

Mwenye flashi ndogo hana haja ya kubeba vyote. Prison Break, ya kwanza na ya pili zinatosha. 24, usiikose ya tano, na ya sita unaweza kuiruka ukaingia ya saba bila kupotea sana. Money Heist ya Wahispania ilitengenezwa mwaka 2017 kama hadithi moja, wizi ukaisha na watu wakaondoka na hela. Netflix ndiyo iliyoirudisha mwaka 2019, hivyo sehemu mbili za mwanzo zinajitegemea. Jumong tu ndiyo haikatwi. Ukiianza, tafuta nafasi ya zote 81, maana ufalme wa Goguryeo anakuja kuuanzisha karibu na mwisho kabisa.