Tope Katika Lori la Kuchezea
Lori la kuchezea liongozwalo kwa redio, lenye injini itumiayo methanoli na nitromethani, halioshwi kama lori la kikosi. Mzazi mwenye haraka ya kufungulia bomba ndiye aliharibuye. Mafuta yaliyobaki hutolewa tangini kwanza, mbali na jiko, kwani huwaka upesi. Tope huachwa likauke, likasuguliwa kwa mswaki mkuukuu. Kipokea-mawimbi na betri huondolewa. Ekzosi na mdomo wa kabureta huzibwa barabara, maana mchanga kidogo tu hukwaruza silinda. Ndipo kitambaa chenye maji hupitishwa. Lakini hatari kubwa hubaki ndani: methanoli huvuta unyevu. Matone machache ya mafuta ya kulainisha yasipotiwa kupitia tundu la plagi na injini kuzungushwa, beringi hushika kutu ingawa lori lang'aa rafuni.